Anti, usiku niende wapi?

Maswali ya wasomaji mwezi huu matatu, la kwanza refu nimelipunguza kidogo na majina nimeyatoa yote, msinitumie meseji kuniuliza ni nani.

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 27, Mkongo wa Uvira ila nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, tumefika hapa Des Moines jimbo la Iowa na mama na wadogo zangu sasa ni mwaka wa sita. Nafanya kazi kiwanda cha nguruwe shifti ya tatu, sisi ndo tunaosafisha mashine kwa maji ya moto wenzetu wakishamaliza kukata, naingia saa tano usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kanisani naimba kwaya, sauti ya tatu, kwa hiyo maisha yangu yote ni ya tatu tu haha.

Anti mi ni gei. Hiyo sentensi sijawahi kuiandika kwa Kiswahili hata siku moja, nimeifuta mara nne ndo ikabaki. Nimejaribu zile apu za simu za kutafutia wapenzi lakini watu hawana sura, unaona kifua tu na maili ngapi. Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda klabu moja ya mjini Jumamosi saa sita usiku peke yangu. Baunsa kaishika aidii yangu kaipiga tochi weee, imeandikwa nimezaliwa 01/01, akacheka akamwita mwenzie aje kuiona. Ndani muziki unapiga mpaka kwenye mbavu, mzee mmoja kanishika nywele bila hata kuniomba, alafu kulikuwa na kundi la wasichana wamemleta mwenzao anayeolewa wanapiga picha na flashi kila dakika, nikawaza sura yangu kesho iko Facebook ya mtu na Jumapili mama anaonyeshwa simu pale nje ya kanisa. Niliagiza Coca-Cola dola nne sikuimaliza. Nikakaa kwenye gari dakika 25 sijawasha hata injini.

Swali langu, ni kweli mji mdogo kama huu hauna mahali pa mtu kama mimi nihamie tu Chicago? Na pombe sinywi. – Sauti ya Tatu, Des Moines

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa hizo dakika 25 na hongera kwa ile sentensi uliyoifuta mara nne, maana mi nimeisoma barua yako jikoni nikaunguza vitunguu.

Tuanze na baunsa. Hiyo 01/01 mwanangu nusu ya watu waliopita kambini wanayo, karani wa uandikishaji alikuwa hana muda mama hakumbuki tarehe basi wote mkazaliwa mwaka mpya, na baunsa wa mlangoni hajui hayo, yeye kafundishwa kutafuta aidii za kughushi za watoto wa chuo chini ya miaka 21 na tarehe ya namna hiyo inamshtua. Kucheka alikosea, kumwita mwenzie alikosea zaidi. Siku nyingine akikutazama mwambie kavu kavu tu kwamba mi nilikuja kama mkimbizi wengi wetu tumeandikwa hivyo, alafu nyamaza, wengi wanaona aibu wenyewe. Na akiipitisha kwenye kale kamashine anaangalia umri na kama ni halali, haendi kumwambia mtu yeyote kwamba ulikuwepo, najua hilo nalo liko kichwani mwako.

Sasa kosa lako we ni moja tu na wala sio kosa, ni kutojua, umeenda siku mbaya kuliko zote saa mbaya kuliko zote. Jumamosi saa sita usiku kwenye klabu yoyote ya mashoga Marekani, iwe mji mdogo iwe mkubwa, nusu ya waliomo sio wa pale, ni bi harusi na shoga zake (na kwetu Tanga shoga ni rafiki wa kike wa kusukana nywele, sijui hilo neno waliligeuza lini), ni watalii, ni walevi waliofukuzwa baa ya jirani. Wenyeji wenyewe Jumamosi usiku wengi wamelala. Umeenda kumtembelea mtu nyumbani kwake siku ya msiba umeona watu wamejaa uani huwafahamu, ukasema huyu bwana hana ndugu.

Nenda Jumapili. Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. We Jumapili usiku huna shifti, kwaya umeshamaliza, na jamii yako yote saa hizo nakuhakikishia iko kwenye kikao cha harusi ya mtu inagombana kuhusu michango, nani atakuona? Jumapili jioni baa inakuwa na watu kumi, kumi na tano, muziki uko chini unasikia mtu anaongea nini, wengi ni watu wazima wametoka kukata majani nyumbani kwao wamekuja kunywa bia moja kabla wiki haijaanza. Kama Jumapili huwezi basi usiku wa karaoke au wa chemsha bongo, piga simu uulize ni siku gani, kila baa ina siku yake na wanazibadilisha. Kwenye chemsha bongo ndo rahisi kupita zote maana wanapangwa kwa timu na timu haijai, watakuita we mwenyewe, na siku watakayouliza swali la Ziwa Tanganyika utakuwa mfalme.

Mahali pa kuanzia kwa hapo kwenu ni Blazing Saddle, iko East Village, ng'ambo ya mto upande wa lile jengo la bunge lenye kuba la dhahabu, wapo tangu 1983. Hebu fikiria 1983 Iowa, mahindi na kanisa, na mtu anafungua baa ya mashoga na mpaka leo taa zinawaka. Baa ya umri huo ina wazee wake ambao wamezika marafiki zao miaka ya ukimwi wakabaki, na wazee wale ukiwakuta Jumapili wakakuzoea wanakuwa wajomba kabisa.

Na hapo ndo nataka unielewe kuhusu Chicago. Chicago ina mtaa mzima, Northalsted, baa zimepangana kama maduka ya Kariakoo, ya vijana yake, ya wazee yake, ya wanaopenda mavazi ya ngozi yake, ya wanaopenda muziki wa maigizo yake. Ni raha, nenda kaone, ni kama saa tano za gari, lala siku mbili urudi. Lakini kule kila mtu yuko na wa aina yake na mgeni asiye na aina anazunguka na glasi yake mpaka inafungwa, nimewaona kwa macho yangu. Mji wa watu laki mbili na kitu kama Des Moines una sehemu mbili tatu basi, kwa hiyo wote wanaingia mlango mmoja, nesi, dereva wa lori, profesa, mtoto wa chuo cha Drake, bibi wa miaka sabini na mkewe. Ukijulikana mahali pamoja umejulikana mji mzima. Kwa hiyo usitafute sehemu nyingi, tafuta moja, nenda siku ileile saa ileile wiki nne mfululizo, kaa kaunta kiti kilekile, usikae meza ya pembeni maana pembeni watu wanadhani unamsubiri mtu. Wiki ya kwanza hakuna atakayekuongelesha, vumilia. Ya pili wa kaunta atakumbuka kinywaji chako. Ya tatu atakuuliza jina.

Kinywaji chenyewe, mtu asiyekunywa agiza maji ya soda na ndimu, soda water with lime ndo maneno utakayosema hapo kaunta, inakuja kwenye glasi fupi na kamrija hakuna atakayejua kama kuna pombe au hakuna, na mara nyingi wanatoza dola moja mbili au bure kabisa. Ila mwachie wa kaunta dola moja kila glasi hata kama maji ni bure, HASA kama ni bure. Kule mshahara wao ni hiyo bakshishi na wana kumbukumbu kama ya tembo. Lipa cash usifungue bili ya kadi siku ya kwanza, ili ukitaka kuondoka unaondoka tu huna haja ya kumsubiri mtu akurudishie kadi.

Chenji ya dola moja moja beba nyingi maana ukikuta onyesho la dragi, wanaume waliovaa kike wakiigiza nyimbo, utazihitaji. Mi mara ya kwanza nilipelekwa na mwenzangu wa kazini, tulikuwa tunalea wazee pamoja, yeye kijana wa Nebraska mwekundu kama nyanya, akaniambia Anti twende ukacheke. Akatoka mtu ana futi sita na nusu na viatu, gauni la shanga, kope kama fagio, anaigiza wimbo wa mapenzi ya kuachwa na watu wanainuka mmoja mmoja na noti mkononi wanamfuata. Nikasema heeee, hii si taarab hii? Hii si KUTUZA? Nikainuka na mimi, nikaenda kwa mwendo wa kwetu, bega moja mbele, noti juu, nazunguka, wazungu wamekaa kimya wanashangaa, na yule dada aliacha kuigiza akanipigia magoti. Nilimaliza dola 14. We Mkongo we, kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso unafundishwa na nani? Utawafunika wote.

Nje kwenye patio ndo kuna maongezi. Iowa ilikataza sigara ndani ya baa tangu 2008 kwa hiyo wavutaji wote wako nje, na hata wasiovuta wanatoka kwa kisingizio cha hewa. Mtu akisimama pale na sigara ana dakika saba hana cha kufanya zaidi ya kuongea na aliye jirani yake.

Nywele. Mtu akikushika nywele tena shika mkono wake uushushe, sema no, sio kwa ukali lakini sio kwa kucheka pia, ukicheka anaendelea. Akirudia mwambie wa kaunta, kwenye baa nzuri huyo mtu anatolewa, na kama hatolewi basi umeshajua hiyo sio baa yako. Hili la wazungu kutushika kama vitambaa dukani linatokea sana na sitakudanganya kwamba mashoga wa kizungu hawana, wanao.

Tuje kwenye hofu yenyewe sasa, maana nimeisoma barua yako mara mbili na hofu yako sio Iowa. Iowa kisheria iko vizuri kuliko unavyodhani, mahakama kuu ya jimbo iliruhusu ndoa za jinsia moja tarehe 3 Aprili 2009, majaji wote saba, miaka sita kabla ya nchi nzima, na toka 2007 sheria ya jimbo inakataza baa au mwenye nyumba au mwajiri kukubagua kwa kuwa gei, hiyo bado ipo. (Walichofanya 2025 ni kuwaondoa wenzetu wa trans, waliobadili jinsia, kwenye ulinzi huo, na ni aibu, ila hilo nitaliandikia siku yake.) Wewe hofu yako ni simu ya mama. Umekulia Tanzania ambako hili ni kifungo cha miaka 30 mpaka maisha, na ile hofu ilishuka na wewe kwenye ndege pamoja na begi.

Kwa hiyo picha. Ukiona mtu ananyanyua simu geuka mgongo kama unasoma menyu, hakuna atakayeuliza, nusu ya waliomo wana mtu wa kumficha. Ukishazoeana na wa kaunta mwambie wazi, mi familia yangu haijui sitaki picha, wameshasikia hiyo sentensi mara elfu. Facebook nenda kwenye mipangilio weka kwamba picha mtu akikutag isitokee kwenye ukurasa wako mpaka uidhinishe, fanya LEO kabla hujamaliza kusoma. Kwenye zile apu zima ile ya kuonyesha umbali, maana mji mdogo maili 0.2 ni sawa na kutaja namba ya nyumba, na usitumie picha iliyopigwa na ile suti ya kwaya, mwanangu unacheka lakini nimeletewa kesi hiyo. Mtu mkikubaliana kuonana mnaonana mahali penye watu kwanza, na umwambie mtu mmoja uko wapi.

Na usiseme sasa nimwambie mama au nisimwambie, hujauliza na mi sijibu ambacho sijaulizwa.

Ila nina kitu kimoja cha kukupa ambacho hukutegemea, nimekiacha makusudi. Des Moines kuna kikundi kinaitwa First Friday Breakfast Club, ni wanaume mashoga, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wanakutana asubuhi na mapema kabla ya kazi wanakula mayai wanamsikiliza mgeni mmoja anaongea wanatawanyika. Wanakusanya pia hela za kuwasomesha vijana wa sekondari waliopigania wenzao shuleni. Hakuna pombe, hakuna giza, hakuna flashi. Watu wengine wanalalamika ni mapema mno, lakini we Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi ndo unatoka kazini! Usiku wako unaishia pale ambapo wao wanaanza siku. Oga vizuri utoe harufu ya ile klorini, badili viatu, nenda. Wengi ni watu wazima na wengi wazungu, usitarajie mchumba, tarajia watu watakaojua hupokei simu siku ukiumwa.

Pia kuna kwaya ya wanaume mashoga hapo hapo, Des Moines Gay Men's Chorus, na tena (nacheka) kila kwaya duniani inalia haina sauti ya tatu. Ila pole pole hapo, kwaya inapanda jukwaani ina mabango ina video. Kanunue tiketi kwanza ukae nyuma usikilize, wakimaliza uamuzi wa kuimba ni wako na hauna haraka.

La mwisho, kama siku moja utaonja pombe usiendeshe. Kuendesha umelewa Iowa wanakuita OWI, kipimo ni pombe asilimia 0.08 kwenye damu, na kwa mtu ambaye bado hajapata uraia kesi hiyo inaingia kwenye makaratasi yako na kukaa humo. Baa zinafunga saa nane usiku na polisi wanajua saa nane ni saa ngapi.

SWALI: Anti mambo. Niko Iowa City nasomea unesi, Mkenya, napenda wanawake. Hapa kuna Studio 13 lakini kila nikienda ni vijana wa kiume wamevua mashati, wanawake wako wapi jamani? – Bila Shati Sitaki

JIBU: Poa mwanangu, umenichekesha. Wanawake hawana baa, huo ndo ukweli wa nchi hii, mwaka 2020 walipohesabu baa za wasagaji Marekani nzima, miji mikubwa yote ikiwemo, hazikuzidi ishirini na kitu. Sababu wanazibishania, mi naona kubwa ni hela, wanawake tunalipwa kidogo alafu wawili wakipendana wanahamia pamoja mwezi wa pili wanafuga paka, nani atakunywa bia?

Kwa hiyo usiwatafute usiku, watafute kwenye mpira. Uko Iowa City bana, mji uliokuwa na Caitlin Clark, yule nyota wa basketi, mpaka 2024, siku ya mechi ya basketi ya wanawake ingia baa yoyote yenye TV wanakoonyesha kwa sauti utazame waliokaa, we mwenyewe utajua. Softball za jioni kiangazi, roller derby ile ya kukimbizana na viatu vya magurudumu, hizo hata kucheza sio lazima, wanatafuta watu wa kuuza maji mlangoni. Huko Portland, Oregon kuna baa ilifunguliwa 2022 inaitwa The Sports Bra inaonyesha michezo ya wanawake tu, na kuanzia hapo miji mingine imeanza kuiga. Na Studio 13 usiiache kabisa, ule uchochoro wao una historia, nenda usiku usio wa Ijumaa wala Jumamosi, umati ule wa wavua mashati uwe umelala.

SWALI: Anti, mi ni mwanaume nina mchumba wa kike tunaoana Desemba. Binamu yangu kaniambia yeye ni gei na kaniomba nimsindikize baa yao mara ya kwanza, anaogopa kwenda peke yake. Nampenda lakini naogopa na mimi wataniona vipi? Na nikitongozwa? – Msindikizaji, Omaha

JIBU: Binamu kakuamini na kitu ambacho hajamwambia hata mama yake, na wewe unawaza watakuonaje. Nenda. Kazi yako ni tatu, kuendesha gari, kunywa soda, na kutomganda. Mkifika kaeni wote nusu saa mpaka mabega yake yashuke, alafu jifanye unaenda chooni ukae huko hata dakika kumi uangalie mpira kwenye simu, maana mkikaa mmegandana watu wote watadhani nyie ni wapenzi na hakuna atakayemsogelea, umeshamharibia. Mpeane neno la siri la "twende nyumbani", akilitamka hata kama umeagiza mabawa ya kuku yanakuja unainuka.

Usimpige picha. Usimwambie mchumba wako mpaka binamu aseme sawa.

Kuhusu kutongozwa, kwanza usijipe moyo sana. Ikitokea sema asante lakini nina mchumba, basi, atakupongeza atakuuliza harusi lini na atataka kujua rangi za maua.